Nahodha wa Manowari ya Bomba Tatu

Sisi tuliokulia Umwe tumeisikia sana habari ya meli ya Mjerumani iliyozama deltani, kule Salale. Mimi niliiweka fungu moja na hadithi za majini. Kumbe mtu mwenyewe alikuwepo: Max Looff, nahodha wa manowari Königsberg. Nimemfuatilia baada ya mwanafunzi mmoja kuniuliza swali nikiwa field, nikakosa jibu mbele ya darasa zima.

Looff alizaliwa mwaka 1874 Strasbourg, mji ambao enzi hizo ulikuwa wa Ujerumani na leo ni wa Ufaransa. Juni 1914 aliingia Dar es Salaam na meli yake, na wenyeji wakaiita manowari ya bomba tatu kwa sababu ya mabomba yake matatu ya moshi. Vita ilipoanza alikuwa tayari yuko baharini.

Alfajiri ya 20 Septemba 1914 aliivamia bandari ya Zanzibar. Manowari ya Uingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga, mashine zimefunguliwa kwa matengenezo. Haikuwa na pa kukimbilia. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamelala mpaka leo kwenye kisiwa cha Chapwani, ng'ambo kidogo ya Mji Mkongwe. Watalii wanakwenda kuogelea pale pale.

Halafu mashine za Looff nazo zikaharibika. Yaani yaliyompata Mwingereza yakamgeukia yeye. Akajificha Rufiji, ndani ya mikoko, na boila zikahitaji kupelekwa karakana ya Dar es Salaam. Hapa ndipo ninaposimama kila nikisoma habari zake. Hakukuwa na reli wala lori. Boila zilipandishwa kwenye magogo, zikavutwa kwa kamba na maelfu ya Waafrika kupita vinamasi na misitu, zikatengenezwa, zikavutwa tena kurudi. Anayeijua njia ya kwetu kipindi cha masika, hata ya leo, aifikirie safari hiyo.

Waingereza waliziba milango ya mto, wakateka Mafia, wakaleta ndege za kuitafuta na meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey. Shambulio la kwanza, 6 Julai 1915, lilishindikana. Tarehe 11 wakarudi. Safari hii mabomba yaliipata barabara, Looff akajeruhiwa, akaamuru meli yake ilipuliwe. Mabaharia waliokufa siku hiyo walizikwa kando ya mto, na majina yao yakaandikwa kwenye ubao.

Mizinga yake yote 10 ilitolewa majini, ikaburutwa tena na watu kwenda vitani nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Looff akapigana kama askari wa miguu, akaongoza vikosi upande wa Lindi, akakamatwa Novemba 1917. Baada ya vita alirudi kwao, akaandika kitabu, akafariki mwaka 1954 akiwa na miaka 80. Meli ilikatwakatwa kama chuma chakavu, iliyobaki ikamezwa na matope.

Sina chuki naye. Kuwaandikia watu wake majina lilikuwa jambo la kiungwana, na wale vijana wa Pegasus nao wamekumbukwa. Ila swali la yule mwanafunzi lilikuwa hili: waliovuta boila walikuwa akina nani? Nilimwambia tutaliangalia kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaingia na mada nyingine, naye hakuuliza tena. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Chuo kikifungwa nashuka Kibiti, halafu Nyamisati, nitafute mashua ya kwenda Salale. Nimeambiwa wanaondoka kwa kufuata maji, kwa hiyo nijiandae kulala bandarini. Daftari ninalo, na wazee wa kuuliza nimeshaelekezwa.