Roger Revelle: Mwanasayansi aliyeonya kuwa bahari haiwezi kumeza moshi wote wa binadamu

KWA miongo mingi, wataalamu waliamini kuwa bahari ni shimo lisilojaa. Moshi wa viwanda, magari na meli ungepaa angani, lakini hewa ya kaboni iliyomo ndani yake ingeshuka baharini na kuyeyuka, naye binadamu angeendelea na shughuli zake bila wasiwasi.

Aliyewazindua kutoka usingizi huo ni Mwamerika Roger Revelle, mtaalamu wa elimu ya bahari aliyefariki Julai 15, 1991 akiwa na umri wa miaka 82. Ndiye aliyeonyesha kuwa suala la hali ya anga haliwezi kutenganishwa na suala la bahari. Hata hivyo, iliwachukua wanasiasa na wanasheria wa dunia zaidi ya nusu karne kuyaunganisha mambo hayo mawili katika mikataba yao.

Revelle alizaliwa Machi 7, 1909 mjini Seattle, katika jimbo la Washington, Marekani, na akalelewa kusini mwa California. Alijiunga na Chuo cha Pomona, ambako alivutiwa na somo la jiolojia, na akahitimu mwaka wa 1929.

Mnamo 1931 alimuoa Ellen Clark, na mwaka uo huo akaingia katika Taasisi ya Scripps iliyoko La Jolla, ufukweni mwa bahari ya Pasifiki. Ellen alikuwa wa ukoo wa tajiri aliyeifadhili taasisi hiyo. Wawili hao walijaliwa watoto wanne, mabinti watatu na mvulana mmoja.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kujivunia mbele ya watu. Alipewa matope yaliyochotwa kutoka sakafu ya Pasifiki na meli ya utafiti iliyoitwa Carnegie, ayachunguze. Ni katika matope hayo ya chokaa alikojifunza jinsi kaboni inavyoingia majini, inavyobadilika na hatimaye kutua kilindini. Utafiti huo ulimpa shahada ya uzamifu mwaka wa 1936, na elimu hiyo ndiyo iliyomfaa miaka 20 baadaye.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, Revelle alitumikia jeshi la wanamaji la Marekani kama mtaalamu wa bahari. Vita vilipokwisha, serikali ya nchi hiyo iliamua kujaribu mabomu ya atomiki katika kisiwa cha Bikini, Pasifiki. Wakazi 167 wa kisiwa hicho walihamishwa Machi 1946, na mabomu mawili yakalipuliwa Julai.

Revelle ndiye aliyesimamia vipimo vya bahari katika majaribio hayo. Kikosi chake kilifuatilia mawimbi na kuangalia jinsi sumu ya miale ilivyosambaa majini. Kuanzia hapo, swali moja halikumtoka akilini: je, kile ambacho binadamu anakitupa baharini huenda wapi, na hukaa huko kwa muda gani?

Swali hilo lilizidi kuwa zito katika miaka ya hamsini, wakati mataifa yenye nguvu yalipoanza kufikiria kuyatupa mabaki ya nyuklia kilindini. Revelle aliongoza jopo la wataalamu lililochunguza athari za miale ya atomiki kwa bahari na uvuvi. Ili kulijibu swali hilo, ilibidi kwanza ijulikane maji ya juu huchukua muda gani kuchanganyika na maji ya chini.

Wakati huo alikuwa tayari mkurugenzi wa Scripps, wadhifa aliokuwa nao hadi 1964. Alimwalika Hans Suess, mwanakemia mzaliwa wa Austria aliyekuwa bingwa wa kupima umri wa kaboni, wafanye kazi pamoja. Makala yao yalichapishwa mwaka wa 1957 katika jarida la kisayansi la Tellus.

Kiini cha hoja yao ni hiki. Maji ya bahari si maji matupu. Yana chumvi na madini ambayo hukutana na hewa ya kaboni na kuibadilisha ili iweze kuhifadhiwa majini. Lakini kadiri maji yanavyozidi kuipokea hewa hiyo, ndivyo uwezo wa madini hayo unavyopungua, na bahari huanza kukataa mzigo.

Kwa hesabu rahisi, hewa ya kaboni iliyoko angani ikiongezeka kwa asilimia 10, kaboni iliyoyeyuka katika tabaka la juu la bahari huongezeka kwa takriban asilimia moja pekee. Isitoshe, ni tabaka hilo jembamba tu ndilo linalogusana na hewa, kwani maji ya kilindini huchukua mamia ya miaka kabla ya kupanda juu. Wanasayansi hadi leo hukiita kipimo hicho kwa jina la Revelle.

Ni haki kusema kwamba makala hayo hayakuwa na majibu yote. Waandishi wenyewe bado walidhani kuwa sehemu kubwa ya moshi uliokwisha kutolewa ilikuwa imeingia baharini, na aya iliyoeleza ukaidi wa bahari iliongezwa mwishoni mwa kazi. Wataalamu wawili wa Uswidi, Bert Bolin na Erik Eriksson, ndio walioifafanua hoja hiyo kinagaubaga mnamo 1959. Bolin huyo ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Jopo la Kimataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilipoanzishwa 1988.

Hata hivyo, katika makala hayo ya 1957, Revelle alitoa tahadhari iliyodumu. Alieleza kuwa binadamu, kwa kuchoma katika karne chache makaa na mafuta yaliyojiweka ardhini kwa mamilioni ya miaka, alikuwa akiifanyia dunia nzima jaribio ambalo haliwezi kurudiwa.

Revelle hakutaka jaribio hilo lifanyike bila kupimwa. Alimleta Scripps kijana aliyeitwa Charles David Keeling na kumtafutia fedha za kupima hewa ya kaboni. Vipimo vilianza Machi 1958 katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo, hewa ya kaboni ilikuwa takriban chembe 313 katika kila chembe milioni za hewa. Siku hizi kiwango hicho kimepita 420.

Mchango wake mwingine ulifika hadi katika maji yetu. Mnamo 1957, kamati ya kimataifa ya wanasayansi wa bahari iliundwa, na Revelle akawa rais wake wa kwanza. Kamati hiyo ilijiwekea maswali makuu matatu: kutupwa kwa taka kilindini, chakula kitokacho baharini, na nafasi ya bahari katika mabadiliko ya hali ya anga. Tayari, basi, hifadhi ya bahari na hali ya anga yalikuwa yameandikwa katika ukurasa mmoja.

Kamati hiyo ilichagua Bahari ya Hindi, ambayo ilikuwa haijachunguzwa sana. Kati ya 1959 na 1965, meli za mataifa mbalimbali zilizunguka katika bahari hii zikipima kina, joto, samaki na pepo. Miongoni mwa yaliyochunguzwa ni mkondo wa Somalia, ambao hugeuza mwelekeo majira yanapobadilika kutoka kaskazi hadi kusi. Manahodha wa majahazi wa Lamu na Mombasa walilijua jambo hilo karne nyingi kabla. Sayansi ilikuja kulipima na kuliandika.

Revelle alikuwa hodari pia wa kuzungumza na wenye mamlaka. Mnamo 1956 na 1957 alifika mbele ya kamati za Bunge la Marekani kuomba fedha za utafiti, na akawaeleza wabunge kuwa moshi ungeweza kubadilisha hali ya anga ya dunia.

Mnamo 1965 aliongoza kikundi kilichoandika sehemu ya ripoti kwa Rais Lyndon Johnson kuhusu hewa ya kaboni. Ripoti hiyo ilitabiri kuongezeka kwa joto na kupanda kwa maji ya bahari. La kushangaza ni kwamba haikupendekeza kupunguza uchomaji wa mafuta. Badala yake ilitaja uwezekano wa kutandaza chembe nyeupe juu ya bahari ili ziurudishe mwanga wa jua angani. Hata aliyeijua bahari vyema alikuwa bado akiiona kama chombo cha kurekebishia makosa ya nchi kavu.

Maisha yake hayakukosa misukosuko. Alipigania kuanzishwa kwa chuo kikuu mjini San Diego, na akapinga waziwazi mtindo wa wenye nyumba wa La Jolla wa kutowauzia Wayahudi makazi. Chuo kilipoanzishwa 1960, wengi walitarajia kuwa yeye ndiye angekiongoza, lakini wadhifa huo ukapewa mtu mwingine.

Mnamo 1964 alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, ambako aliongoza kituo cha masomo ya idadi ya watu. Kabla ya hapo aliongoza ujumbe wa wataalamu uliotafuta njia ya kuokoa mashamba ya Pakistan yaliyoharibiwa na chumvi. Huko Harvard alimfundisha kijana Al Gore, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Marekani na kutuzwa Nobel ya Amani mwaka wa 2007 pamoja na IPCC. Gore amemtaja mara nyingi mwalimu huyo kama aliyemfumbua macho.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake uliacha utata. Jina lake lilionekana katika makala ya 1991, aliyoshirikishwa na waandishi wengine wawili, yaliyoshauri kuwa hatua kali dhidi ya ongezeko la joto zisichukuliwe kwa haraka. Baada ya kifo chake, waliomjua walibishana iwapo makala hayo yaliwakilisha msimamo wake, kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Mzozo huo ulifika hadi mahakamani.

Revelle aliaga dunia mjini San Diego, mwaka mmoja baada ya kutunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi. Hakuuona Mkataba wa Tabianchi uliotiwa sahihi jijini Rio de Janeiro Juni 1992.

Mkataba huo uliitaja bahari kama ghala la kaboni linalofaa kuhifadhiwa. Lakini mazungumzo yaliyofuata yalijikita katika mafuta, viwanda na misitu. Itifaki ya Kyoto ya 1997 ilihesabu misitu na mashamba, bahari ikaachwa nje. Kwa upande wake, Mkataba wa Sheria za Bahari wa 1982 haukutaja tabianchi hata kidogo. Anga ilikuwa na mlango wake, na bahari mlango wake.

Maji nayo hayakungoja. Bahari imekuwa ikipokea takriban robo ya hewa ya kaboni inayotolewa na binadamu kila mwaka, na zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada. Kaboni hiyo imeongeza asidi ya maji ya juu kwa takriban asilimia 30 tangu mapinduzi ya viwanda. Kemia ni ileile ya Revelle: madini yanayoipokea kaboni ndiyo ambayo konokono wa baharini na matumbawe huyahitaji ili kujenga magamba na mifupa yao.

Wakazi wa pwani ya Kenya hawahitaji kuambiwa gharama ya joto. Mnamo 1998, maji yalipochemka kutokana na El Nino, matumbawe ya Bahari ya Hindi yalipauka na mengi yakafa, yakiwemo ya Malindi, Watamu na Kisite. Penye matumbawe mafu, samaki hupungua na mvuvi mwenye mtumbwi mdogo hulazimika kwenda mbali zaidi.

Milango hiyo miwili ilianza kufunguliwa polepole. Mkataba wa Paris wa 2015 uliitaja bahari katika utangulizi wake. Ripoti maalumu ya IPCC kuhusu bahari na barafu ilitolewa Septemba 2019, na mkutano wa Glasgow wa 2021 ukaamua kuwa mazungumzo kuhusu bahari na tabianchi yafanyike kila mwaka. Huku kwetu, wanakijiji wa Gazi, Kaunti ya Kwale, walianza kuuza kaboni inayohifadhiwa na mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja mnamo 2013.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Mei 21, 2024. Mataifa madogo ya visiwani yaliiuliza Mahakama ya Kimataifa ya Sheria za Bahari, iliyoko Hamburg, Ujerumani, iwapo sheria hizo zinahusu moshi. Mahakama ilijibu kuwa gesi chafu zinazotokana na binadamu ni uchafuzi wa bahari, na kwamba nchi zina wajibu wa kuuzuia. Maoni hayo hayana nguvu ya hukumu, lakini yameyapa mataifa maskini hoja ya kisheria katika meza ya mazungumzo.

Ilikuwa imepita miaka 67 tangu makala ya Revelle na Suess. Meli ya utafiti inayoitwa kwa jina lake, iliyoanza kazi 1996, imekuwa ikisafiri baharini kuchukua vipimo vya aina aliyovianzisha.

Wahenga walisema kuwa bahari iliko ndiko mito iendako. Revelle alituongezea kuwa ndiko pia moshi uendako, na kwamba bahari, tofauti na tulivyozoea kuamini, ina kiasi chake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa watu wa Lamu, Kipini na Vanga, wanaoyaona maji yakila ufuo, ukuta huo si methali tu.