Leslie Brown: Bwana shamba aliyeunguzwa na magadi akitafuta viota vya heroe

Ukitoka Sigino ukashika barabara ya Arusha, ukapita Magugu na Minjingu, upande wa kushoto kuna Ziwa Manyara. Ipo miezi ambayo kingo zake hugeuka rangi ya waridi kwa wingi wa heroe. Miezi mingine huwaoni kabisa. Wanakwenda wapi? Wanazalia wapi? Hadi mwaka 1954 hata wataalamu hawakuwa na jibu la uhakika. Aliyelipata ni bwana shamba mmoja, Leslie Brown, na nusura afe akilitafuta.

Kilimo kazini, ndege mapumzikoni

Brown alizaliwa India mwaka 1917, katika familia ya Waskoti. Alisoma Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Mwaka 1940 alianza kazi katika idara ya kilimo Nigeria, na mwaka 1946 akahamia Kenya. Kazi yake ilikuwa mazao na udongo, lakini siku za mapumziko alizimaliza milimani akichunguza viota vya tai.

Heroe walimsumbua akili. Kwenye maziwa ya Bonde la Ufa aliwaona kwa malaki, lakini viota vyao havikuonekana. Ndege wengi kiasi hicho wanataga wapi?

Safari ya Natron

Mwaka 1954 alipanda ndege ndogo akaruka juu ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanganyika, mpakani na Kenya. Huko chini, katikati ya matope ya magadi, akaviona viota vingi mno.

Hakutosheka kuviona kwa juu. Akaamua kuvifuata kwa miguu. Kwa mbali ziwa lilionekana kavu na gumu, lakini kila alipokanyaga tabaka la juu lilivunjika, akazama kwenye matope ya moto. Magadi yakaingia ndani ya viatu na kumchubua ngozi. Ilimbidi arudi kabla ya kufika, akijikokota juani. Miguu yake ilivimba na kutoka malengelenge mabaya, akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa.

Maji yanayounguza, lakini yana uhai

Magadi hayo ni ndugu wa yale tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Yanatoka kwenye miamba ya volkano na chemchemi za moto zinazozunguka Natron, karibu na mlima Ol Doinyo Lengai. Ziwa halina mto wa kutoka. Jua hukausha maji, magadi na chumvi hubaki.

Katika maji hayo samaki wengi hawawezi kuishi, lakini kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyotaka chumvi nyingi ndiyo viishi. Kiumbe wa kawaida akiwekwa humo, chumvi humvuta maji yote mwilini. Hivi vyenyewe hujaza chumvi ya aina nyingine ndani ya miili yao, hivyo maji yao hayatoki. Vina rangi nyekundu inayovikinga na jua kali. Kiangazi kikizidi na chumvi ikikolea, huongezeka hadi ziwa zima likaonekana jekundu.

Wapo pia wa kijani, spirulina, wanaostawi kwenye maziwa ya magadi kama Manyara na Natron. Hao ndio chakula kikuu cha heroe wadogo, na rangi ya waridi ya manyoya yao hutokana na chakula hicho.

Sasa utaona kwa nini heroe huzalia Natron. Matope yaliyomshinda Brown humshinda fisi na mbweha pia. Yai moja juu ya kichuguu cha tope, katikati ya magadi, liko salama.

Mwaka maji yalipozidi

Usalama huo una mipaka. Mwaka 1962 mafuriko yaliharibu mazalio ya Natron, heroe wakahamia Ziwa Magadi, Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya makinda kama pingu, mengi yakafa, na watu wakaingia ziwani kuyavunja ili kuokoa yaliyobaki.

Brown aliacha kazi ya serikali mwaka 1963, akaendelea kuandika. Kitabu chake kuhusu heroe kilitoka mwaka 1959, na mwaka 1971 yeye na Alan Root walichapisha utafiti wa namna heroe wadogo wanavyozaa. Alifariki Kenya mwaka 1980.

Miaka ya 2000 ulikuja mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron. Wahifadhi waliupinga, na kampuni ya Tata Chemicals ikajiondoa mwaka 2008. Hofu yao inaeleweka: Natron ndilo ziwa pekee Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaa mara kwa mara. Likiharibika, hata sisi wa Manyara tutaliona ziwa letu halina rangi.