Lumumba wa posta: mtu aliyejifundisha demokrasia hapa Kisangani

Kila mwaka vijana wanatoka Masako, kilometa 14 kwenye barabara ya zamani ya Buta, wanashuka na toleka mpaka mjini kuanza chuo kikuu. Mwaka wa kwanza wanakuta somo la éducation à la citoyenneté: katiba, kura, haki za raia, demokrasia ni kitu gani. Wengi wanalichukua kama somo la kutafuta pointi tu, kisha wanalisahau. Kwa hiyo leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakukanyaga chuo kikuu hata siku moja, na somo hilo njo alilianza hapa kwetu, wakati mji huu ulikuwa unaitwa Stanleyville.

Patrice Emery Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 Onalua, kule Sankuru. Alisoma kidogo kwa Waprotestanti, kidogo kwa Wakatoliki. Akiwa kijana akatoka kwao kutafuta kazi, akapitia upande wa Maniema, na mwaka 1944 akafika Stanleyville. Alikuwa na miaka 19. Wakati ule inchi nzima haikuwa na chuo kikuu. Lovanium ilifunguliwa 1954, na cha hapa Kisangani kilikuja 1963, yeye akiwa amekwisha kufa.

Alipata kazi ya ukarani. Mwaka 1947 walimtuma Léopoldville kwenye shule ya posta, akamaliza, akarudi upande wetu. Alifanya kazi Yangambi, halafu posta ya Stanleyville. Mchana alikuwa karani. Baada ya kazi alisoma masomo kwa njia ya barua, na alijitolea kusaidia katika maktaba ya mji. Hapo alipata vitabu ambavyo mshahara wake usingeweza kununua. Akaanza kuandika katika magazeti ya wakati ule, La Croix du Congo na La Voix du Congolais.

Lakini ukiniuliza mimi, darasa lake la kweli lilikuwa mikutano ya mashirika. Weusi hawakuwa na ruhusa ya chama cha siasa. Waliachiwa mashirika tu: ya waliosoma, ya wafanyakazi wa posta (hilo liliitwa APIPO), ya wafanyakazi Weusi wa serikali. Lumumba aliingia karibu yote, na mengine akayaongoza. Huko njo alizoea kuomba watu kura, kuandika ripoti ya mkutano, kusikia mtu akimpinga mbele ya wote na kumjibu kwa maneno. Tunacheka leo mikutano ya kartie ambako watu wanabishana saa mbili juu ya mweka hazina. Shule yake ilikuwa ile ile.

Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na kadi kwa Mweusi aliyetaka kuhesabiwa kama mzungu mbele ya sheria. Kuipata ilikuwa mtihani na haya. Walimkataa kwanza, akadai tena, akaipata 1954. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville, karani huyu alipata nafasi ya kuzungumza naye.

Sasa kuna sehemu ambayo wengi wanaificha. Mwezi wa saba 1956, akitoka safari ya Ubelgiji, Lumumba alikamatwa juu ya feza za posta, franga 126.000 hivi. Hakukana kwamba alizichukua. Rafiki zake wa Stanleyville walichanga wakazirudisha, lakini hata hivyo alifungwa zaidi ya mwaka mmoja. Sisi tunaona haifai kuiruka: mwanafunzi anayejifunza kwamba kiongozi lazima atoe hesabu, ajue pia hilo.

Katika buloko aliandika kitabu. Ukikisoma unashangaa. Hakuomba uhuru wa haraka. Alitaka Weusi na Wabelgiji waishi pamoja, na haki za siasa zianze na wale waliosoma. Yaani mwaka 1956 Lumumba mwenyewe hakuwa bado Lumumba tunayemjua.

Alitoka 1957, akaenda Léopoldville kuuza bia. Tarehe 10 mwezi wa kumi 1958 alikuwa kati ya walioanzisha chama cha MNC. Mwezi wa 12 akaenda Accra, kwa mkutano wa Waafrika ulioitishwa na Nkrumah, na aliporudi alidai uhuru mbele ya umati wa watu. Kati ya kitabu na Accra haikufika miaka mitatu.

Mwezi wa kumi 1959 alifanya kongamano la chama hapa Stanleyville. Fujo zikalipuka, askari wakapiga risasi, watu wakafa. Yeye akakamatwa tena. Lakini katika kura za mji za mwezi wa 12 chama chake kilishinda sana hapa, na Wabelgiji walilazimika kumtoa gerezani aende Brussels kwenye Meza ya Duara. Kura za mwezi wa tano 1960 zilimpa wabunge 33 kwa 137, wengi zaidi kuliko chama kingine chochote, na ngome yake ilikuwa Jimbo la Mashariki. Mama zetu lakini hawakupiga kura ile. Ilikuwa ya wanaume peke yao.

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa sita. Tarehe 5 mwezi wa tisa Rais Kasa-Vubu akamfukuza kazi. Lumumba alikwenda bungeni kujitetea, na mabaraza yote mawili yakakataa kumfukuza kwake. Siku chache baadaye Mobutu akaingilia na jeshi, bunge likafungwa.

Mwisho wa mwezi wa 11 alitoroka Léopoldville na gari, akitaka kufika Stanleyville kwa watu wake. Njiani alisimama mara nyingi kusemesha watu waliomngoja, na muda ukapotea. Askari walimkuta upande wa mto Sankuru. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 aliuawa karibu na Élisabethville, pamoja na Mpolo na Okito. Alikuwa na miaka 35, na mwili wake uliharibiwa usipatikane.

Kisangani alifika mwezi wa sita 2022, ndani ya jeneza lenye jino moja.