Coulomb, mhandisi aliyepambana na msuguano
Charles-Augustin de Coulomb alizaliwa Angoulême, Ufaransa, mnamo 1736. Akiwa mhandisi wa jeshi, alipelekwa Martinique kujenga ngome, kazi iliyoidhoofisha afya yake. Baadaye, bandarini Rochefort, aliburura mbao na vyuma vilivyobebeshwa mizigo mizito, na mwaka 1781 utafiti huo ukatuzwa na Chuo cha Sayansi cha Paris.

Aliamini msuguano hutokana hasa na vijinundu vya nyuso kunasana, mithili ya brashi mbili. Kunatana kwa molekuli alikupuuza, kwa kuwa ukubwa wa eneo haukubadilisha msuguano. Hapo, mtaalamu huyo wa utelezi aliteleza. Alifariki 1806. Katika karne ya 20, Bowden na Tabor walibainisha kwamba nyuso hugusana kwenye ncha chache tu, zinazoongezeka mzigo unapozidi, na huko ndiko molekuli hunatana.