Frederick Arnot, Mgeni wa Mfalme Msiri



Wengi wetu tukiingia biblioteki tunatafuta kwanza vitabu vya safari na hatari. Mimi vilevile. Mara hii nawaelezea mtu ambaye safari yake ilifika huku kwetu, Bunkeya, katika jimbo la Lualaba.

Frederick Stanley Arnot alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1858. Alipokuwa mtoto alimsikia Livingstone mwenyewe akisema mbele ya watu. Tangu siku ile akaweka moyoni kwamba naye atakuja Afrika.

Mwaka 1881 akapanda meli mpaka Natal. Hakuwa na feza mingi, wala askari. Akavuka jangwa la Kalahari, na kiu ilikaribia kumuua. Walimwokoa watu wa jangwa, wenye kujua kuvuta maji chini ya mchanga kwa utete. Mwisho wa 1882 akafika kwa mfalme Lewanika, ku Zambezi. Akakaa karibu miezi 18, akaugua homa mara kwa mara, akafundisha watoto wachache tu. Kisha akaelekea magaribi mpaka Benguela, kwenye bahari.

Kule akasikia kwamba Msiri anataka wageni wazungu. Msiri alikuwa mtu wa Unyamwezi, nchi ya Tanzania ya leo. Baba yake alifanya biashara ya shaba, naye mwana akawa mfalme wa Garenganze. Basi Arnot akafuata njia ya misafara, njia ileile waliyopitishwa watumwa. Tarehe 14 Februari 1886 akaingia Bunkeya. Kumbe hakupokelewa mara moja! Waganga wa mfalme walimchunguza kwanza, kama moyo wake ni mwema. Ni yeye aliyepimwa.

Akakaa miaka miwili. Msiri aliuza pembe na watu, akapata bunduki na baruti. Arnot aliona mambo hayo, lakini alikuwa mgeni, hakuwa na nguvu ya kuyakataza. Akafanya alichoweza: akapokea nyumbani kwake watoto waliotoka utumwani. Desemba 1887 wenzake wawili, Swan na Faulknor, wakafika. Yeye akarudi Uingereza mwaka 1888, akatoa kitabu juu ya Garenganze mwaka 1889.

Kisha wakaja wengine, safari hii na bunduki. Msafara wa Stairs ulitumwa kwa faida ya mfalme Leopold. Msiri akakataa bendera yao, na tarehe 20 Desemba 1891 akapigwa risasi akafa. Mlango uliofunguliwa kwa mgeni mmoja asiye na silaha, wenye silaha nao waliupitia. Jambo hili linaniuma kila ninaposoma.

Arnot alirudi Afrika mara nyingi, ingawa mwili wake uliharibiwa na homa. Alikufa Johannesburg, Mei 1914, akiwa na miaka 55.

Ndugu zangu, mukifungua vitabu vya namna hii, musimtazame mzungu peke yake. Mujiulize: nani alibeba mizigo? Nani alionyesha maji? Majina yao mara nyingi hayakuandikwa, lakini bila wao Arnot angekufa mchangani. Njo maana naomba tusisome tu. Twende kwa wazee wetu tuwaulize, tena tuandike, mbele hawajatutoka. Kitabu cha upande wetu kinatungoja sisi.