Ibn Battuta: Mwanafunzi Aliyelala Mombasa Usiku Mmoja

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa historia ya Kiswahili ambaye hajakutana na Ibn Battuta. Aghalabu hukutana naye katika mihadhara ya mwaka wa kwanza, pale mhadhiri anapotafuta ithibati kwamba watu wa pwani na lugha yao ni wa kale kuliko meli za Wareno. Hutajwa mwaka 1331, hutajwa Mombasa na Kilwa, hutajwa neno Sawahil, kisha mhadhara husonga mbele hadi kwa Vasco da Gama. Ibn Battuta hubaki kuwa shahidi aliyeitwa mahakamani, akasema neno moja na kuruhusiwa kwenda zake. Hatuulizi alikuwa nani alipofika kwetu wala macho yake yalikuwa yamezoea kutazama nini. Makala haya yanamwangalia kama alivyokuwa wakati huo: kijana aliyekuwa ugenini kutafuta elimu, aliyepita katika majengo ya kale ya Misri na Shamu kabla jahazi lake halijatia nanga Mombasa. Namna alivyojifunza kutazama huko ndiyo iliyoamua alichotuandikia juu ya kisiwa, na alichokipita juu juu, yaani bara iliyo ng'ambo yake.

Jina lake kamili ni refu. Sehemu inayotosha ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah al-Lawati at-Tanji. Alizaliwa Tangier, kaskazini mwa Moroko, tarehe 24 Februari 1304, katika ukoo uliotoa makadhi wa madhehebu ya Maliki. Mwezi Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake na kuondoka peke yake, bila msafara wala rafiki. Nia iliyotangazwa ilikuwa Hija. Lakini kwa kijana wa ukoo wa makadhi, njia ya kwenda Makka ilikuwa pia njia ya kwenda kwa walimu. Elimu ya Magharibi ya Kiislamu ilikuwa na heshima yake, ila aliyetaka kurudi nyumbani akiwa na uzito alipaswa kukaa mbele ya masheikh wa Misri, Shamu na Hijazi, awasikilize, kisha apewe ijaza, idhini ya kukisomesha kitabu alichokisoma kwao. Wanafunzi wa leo wanaojaza fomu za ufadhili wangeifahamu hamu hiyo bila kuelezwa.

Aliingia Iskandaria katika majira ya kuchipua ya mwaka 1326. Hapo alikwenda kuutazama mnara wa taa uliohesabiwa miongoni mwa maajabu ya dunia ya kale. Tetemeko la mwaka 1303 lilikuwa limekwisha kuudhuru, na yeye aliukuta upande wake mmoja umebomoka. Aliupima kwa shubiri kama apimavyo fundi, akapata shubiri 140 kwa kila upande. Miaka 23 baadaye, alipokuwa akirejea kwao, aliuendea tena. Safari hii ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakuweza kuingia wala kuupanda. Maelezo yake hayo mawili ni miongoni mwa ya mwisho tuliyo nayo kutoka kwa mtu aliyeuona mnara ule ukiwa bado umesimama.

Penginepo macho yake hayakuwa makini hivyo. Piramidi alizieleza kuwa na umbo la pia, lililo duara kwa chini, na yeyote aliyewahi kuona hata picha yake anajua kwamba kitako cha piramidi ni cha pembe nne. Wataalamu wengi wanashuku kuwa hakuzikaribia, bali aliandika aliyosikia. Alipopanda mto Nile alifika Akhmim, akalitaja hekalu la mawe lenye michoro na maandishi ambayo hapakuwa tena na mtu wa kuyasoma. Alipofika Luxor alitaja kaburi la walii Abu al-Hajjaj, akasema mji ni mdogo na mzuri, akaendelea na safari. Msikiti wa walii huyo umejengwa ndani ya hekalu la Mafirauni, katikati ya nguzo ambazo leo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kuzitazama. Ibn Battuta hakuzitaja hata kwa neno moja.

Tabia hii tuishike, kwa sababu tutaihitaji Mombasa. Kijana huyu hakuwa mtazamaji wa mawe. Jengo lilimvutia likiwa na mtu ndani yake: imamu, mwalimu, walii, mwenyeji mkarimu. Mahali pasipokuwa na msomi wa kuzungumza naye, kalamu yake ilikuwa nyepesi.

Alikusudia kuvuka Bahari ya Shamu kutoka bandari ya Aidhab, lakini vita vilikuwa vimezuka huko na vyombo vya kuvukia vilikuwa vimezamishwa. Akarudi nyuma, akapitia Palestina na miji ya Shamu, akafika Damascus mwezi Agosti 1326, ndani ya Ramadhani. Hapa ndipo uanafunzi wake unapoonekana wazi zaidi. Katika Msikiti wa Bani Umayya, jengo lililokuwa na umri wa miaka mia sita hivi wakati huo, alisikiliza usomaji wa Sahihi ya Bukhari kwa vikao 14, akapewa ijaza na walimu kadhaa, wakiwemo wanawake wawili, Zaynab bint Ahmad na Aisha bint Muhammad. Majina ya walimu hawa wa kike hayasikiki sana tunapozungumzia elimu ya zama zile, na ni vyema yakasikika. Muda wenyewe ulikuwa mfupi, kiasi cha wiki tatu, na kuna wanaodai kwamba aliongeza chumvi katika orodha ya ijaza zake. Yawezekana. Lakini hata kama nusu yake ndiyo kweli, kijana aliondoka Damascus akiwa na vyeti vya kumwezesha kupokewa popote palipokuwa na kadhi.

Alihiji mwaka huohuo, akazuru Iraki na Uajemi, kisha akarudi Makka na kukaa huko kwa muda akisoma. Baada ya hapo alishuka Yemen na Adeni, akavuka hadi Zeila, akaingia Mogadishu. Mogadishu walimpokea kwa namna inayopaswa kumfurahisha kila aliyewahi kulala katika bweni: sultani aliamuru apelekwe katika nyumba ya wanafunzi, iliyotengwa kwa ajili ya watafutaji wa elimu ya dini. Aliletewa tambuu na popoo, akaletewa wali wa samli wenye kitoweo, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi, na tunda aliloliita kwa neno lililo jirani na embe letu. Mlo wa nyumba ya wanafunzi wa karne ya 14 haukuwa haba.

Ndipo alipoabiri kuelekea nchi ya Sawahil, na kwa hesabu ya wataalamu wengi ilikuwa mwaka 1331. Jahazi lilifika Mombasa. Mji haukuwa mpya: al-Idrisi alikuwa ameutaja mwaka 1154, na uchimbaji wa Hamo Sassoon katika uwanja wa hospitali kuu ya Pwani miaka ya 1970 ulionyesha kwamba watu walikaa hapo hata kabla ya hapo. Ibn Battuta alilala usiku mmoja tu. Aliyoyaona kwa usiku huo ni machache, ila yana uhai.

Aliona migomba, milimau na mibalungi. Aliona tunda lifananalo na zeituni, lenye kokwa kama yake lakini tamu mno, akaliita kwa jina la Kihindi, jammun. Sisi tunaliita zambarau, na msimu wake ukifika huuzwa bado kando ya barabara. Aliona watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu na waaminifu, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vya kina cha dhiraa moja au mbili, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa dhiraa moja. Hakukipa jina chombo hicho, lakini msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa: ni kata. Watu walitembea pekupeku. Aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu, akaifuta kwa kipande cha jamvi kilichowekwa mlangoni. Mgeni aliyetoka kusoma chini ya kuba la Damascus alisimama mbele ya msikiti wa mbao na kupata la kuandika. Jambo hilo lingeshangaza kwa msafiri mwingine. Kwake yeye, msikiti ulikuwa na watu.

Sasa tuje bara. Anasema mambo matatu, nayo hayakubaliani vyema. Kwanza, kwamba Mombasa ni kisiwa kikubwa ambacho hakina bara. Na neno alilolitumia, barr, ndilo asili ya bara letu. Pili, kwamba kati ya kisiwa na nchi ya Sawahil ni mwendo wa siku mbili baharini. Tatu, kwamba watu wa kisiwani hawalimi nafaka, bali huletewa kutoka Sawahil.

Mtu yeyote anayevuka kwa feri ya Likoni asubuhi atacheka asomapo hizo siku mbili. Kivuko hakimalizi hata mazungumzo ya abiria wawili. Upande wa Kisauni na ule wa Changamwe, maji ni membamba vilevile. Ufafanuzi uliotolewa ni wa namna nyingi. Wapo wanaosema mwandishi wake alikosea kunakili. Wapo wanaosema Sawahil lilikuwa jina la eneo maalumu, mbali kidogo na Mombasa, kusini au kaskazini. Wapo wanaosema kwamba neno bara hapo lina maana ya milki: watu wa kisiwa hawakuitawala ardhi ya ng'ambo. Ufafanuzi huu wa mwisho unanivutia, kwa kuwa unapatana na habari ya nafaka. Anayeitawala ardhi hujilimia. Asiyeitawala hununua kwa jirani.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Katika mafunzo yetu ya lahaja, Kimvita hufundishwa kama lugha ya kisiwa, yenye washairi wake na misikiti yake, na bara ya Mombasa huonekana kama shamba lililopokea lugha kutoka mjini. Kijomvu hupewa mstari mmoja, kikipewa. Hali majina ya mataifa kumi na mawili ya Mombasa yenyewe yanasimulia habari tofauti: miongoni mwa Thelatha Taifa wamo Wachangamwe, na miongoni mwa Tisa Taifa wamo Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Hayo ni majina ya bara yaliyohamia mjini pamoja na wenyewe. Na huko Mtongwe, Likoni, wachimbaji wa Kijapani wakiongozwa na Gen-ichi Omi walipata zana za mawe za enzi ambazo hata jina la Mombasa halikuwepo. Sidai kwamba wenye zana hizo walisema Kiswahili. Nadai tu kwamba ng'ambo hapakuwa patupu.

Turudi kwa Ibn Battuta. Ukiyasoma maneno yake kama yalivyo, kisiwa cha Mombasa hakimo katika Sawahil. Sawahil ni kwingine, ni kule nafaka inakotoka. Hii ni miongoni mwa nyakati za mapema kabisa jina hilo kutumika kwa nchi ya pwani yetu, na linasimama upande wa mkulima na mpagazi wa mtama, upande ambao mgeni hakuutembelea kwa sababu hapakuwa na kadhi aliyemwalika. Aliupita kama alivyozipita nguzo za Luxor.

Kilwa alikaa zaidi. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa kutoa. Anasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa, naye akazivua na kumpa, kisha akamwongezea watumwa na pembe za ndovu. Simulizi ya ukarimu inajaza nafasi. Kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na hodhi la pembe nane, ambalo Neville Chittick alilichimba na kulihusisha na sultani huyohuyo, halimo. Tabia ileile.

Yaliyobaki ya maisha yake yanajulikana zaidi. Alikuwa kadhi Delhi chini ya Muhammad bin Tughluq, akawa kadhi visiwani Maldivi, akasema alifika China. Alirejea Moroko mwaka 1349 na kuambiwa kwamba mama yake amefariki kwa tauni. Alivuka Sahara kwenda Mali mwaka 1352, akarudi, na kwa amri ya mfalme wa Fez akamsimulia Ibn Juzayy safari zake zote. Kazi hiyo ya imla ilikamilika Desemba 1355, miaka 24 baada ya usiku wa Mombasa. Kwa muda huo kivuko chaweza kugeuka mwendo wa siku mbili, na bado ladha ya zambarau ikabaki ulimini. Baadaye alishika ukadhi katika mji mmoja wa Moroko, akafa mwaka 1368 au 1369.

Kitabu chake kilichapishwa Paris kati ya mwaka 1853 na 1858, Kiarabu na tafsiri ya Kifaransa, juzuu nne. Mombasa imo katika juzuu ya pili, baada ya Mogadishu na kabla ya Kilwa, aya moja fupi: migomba, visima, kata, jamvi la mlangoni, na nafaka iliyoletwa kutoka Sawahil.