Dokta Williamson wa Mwadui

Mtu asafiriye kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, afikapo Maganzo huonyeshwa upande wa Mwadui, na hapo hapana budi asikie jina la John Thoburn Williamson. Hakuzaliwa katika nyumba ya malodi wa Uingereza, wala hakurithi shamba wala benki. Lakini katika miaka ya 1950 malodi wengi wa London hawakuwa na mali iliyofikia nusu ya mali yake. Maisha yake yana mafunzo mawili. La kwanza husimuliwa sana. La pili husahauliwa, nalo ndilo linalowahusu zaidi wafanyakazi na wananchi.

Williamson alizaliwa Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mwaka 1907. Alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill hata akapata shahada ya udaktari. Kisha akaja Afrika kuajiriwa na makampuni ya migodi, kwanza Rodeshia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baadaye Tanganyika, katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini ya Mwanza. Mgodi ule haukuleta faida, na wenye kampuni wakakata tamaa. Yeye hakukata. Aliamini kuwa almasi zile chache zilizotawanyika katika nchi ya Usukuma zilikuwa na asili yake mahali fulani, akaazimia kuitafuta asili hiyo.

Basi alitembea miaka kadhaa katika mbuga zile pamoja na vibarua wachache wa Kiafrika, akichimba mashimo na kuchekecha mchanga. Homa ilimwandama na fedha zilimwishia. Aliyemwokoa ni wakili mmoja wa Kihindi wa Mwanza, Bwana Iqbal Chand Chopra, aliyemkopesha fedha na baadaye akawa mwenye hisa pamoja naye. Mgagaa na upwa hali wali mkavu: mwezi Machi mwaka 1940 almasi ilipatikana Mwadui. Wengi husimulia kwamba jiwe la kwanza lilionekana chini ya mbuyu. Iwe hivyo au sivyo, chini ya ardhi ile palikuwa na mwamba wa almasi wenye eneo la eka 360 hivi, mmoja wa miamba mikubwa kabisa ya namna hiyo iliyopata kuchimbwa duniani.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza, na viwanda vilihitaji almasi za kukatia vyuma. Mwadui ikakua upesi. Pale palipokuwa na nyasi na miiba pakawa mji wenye umeme, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Lakini ulikuwa mji wa zama zake. Ulizungukwa na waya na walinzi, mfanyakazi alipekuliwa, na watu walikaa kwa kufuata rangi zao kama ilivyokuwa desturi ya ukoloni.

Mwezi Oktoba mwaka 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54 na nusu. Williamson alilitoa liwe zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilipokwisha kukatwa lilibaki karati 23 na zaidi, na mwaka 1953 likatiwa katika pambo la kifuani lenye umbo la ua. Dunia nzima ililijua jina la aliyelitoa na la aliyelipokea. Jina la mkono uliolitoa mchangani halikutangazwa.

Hata hivyo, tusimnyime haki yake. Wakati ule biashara ya almasi duniani ilishikwa na De Beers na shirika lake la mauzo la London, ambao ndio waliopanga bei. Wachimbaji wengi waliwainamia. Williamson alibishana nao, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizifungia almasi zake Mwadui bila ya kuziuza, mpaka yalipofanywa mapatano mapya. Mtu mmoja kutoka Shinyanga aliwalazimisha wakubwa wa London wamsikilize. Huo ni ushujaa, nao ndio fundisho la kwanza.

Fundisho la pili lilikuja na mauti. Williamson hakuoa wala hakuwa na mtoto. Mwezi Januari mwaka 1958 alikufa kwa ugonjwa wa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Kabla ya mwaka ule kwisha, ndugu zake waliuza mgodi. Ulinunuliwa nusu kwa nusu na Serikali ya Tanganyika na De Beers, ile ile aliyobishana nayo. Ngome aliyoilinda kwa miaka 18 ilifunguliwa kwa saini chache, na maelfu ya watu waliokuwa wakiichimba hawakuwa na neno katika jambo hilo.

Tangu hapo Mwadui imepita mikono mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitaifishwa. Mwaka 1994 De Beers walirudi na hisa 75 katika kila 100. Mwaka 2009 waliipokea Petra. Mwaka 2021 Serikali ilitia saini mapatano ya kuongeza fungu la Taifa kutoka asilimia 25 hadi 37. Jirani zetu wa Geita wanayajua mambo hayo. Mgodi wao wa zamani wa dhahabu ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa ukafunguliwa tena mwaka 2000 kwa mitaji ya wageni.

Wapo wasemao kwamba tunahitaji akina Williamson wengi zaidi. Kwa bidii na uthabiti wake, ni kweli. Lakini mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Uthabiti wa mtu mmoja hufa naye. Uthabiti wa wananchi wanaojua hesabu ya mali yao, wanaosoma mikataba yao na kuisomesha elimu ya miamba kwa watoto wao, haufi. Almasi haioti tena kama pamba. Itokayo leo Mwadui imetoka milele, na mtoto wa Shinyanga atakuwa na haki ya kutuuliza aliachiwa nini mahali pake.